Somo: Uanze na kichwa kipi cha risasi unapojifunza kujaza maganda ya raifo

Kamwene wadau. Somo hili la kujaza maganda, yaani kutengeneza risasi mwenyewe kwa kutumia tena ganda lililokwisha pigwa, nililiahidi tangu masika, ila kila nikikaa kuandika umeme wa Mafinga unanikimbia. Leo nalimaliza.

Nianze na la sheria tusije tukagombana huko chini. Hapa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila kibali, na leseni ya kumiliki bunduki si kibali cha kazi hiyo. Mimi niliifanya Limpopo, Afrika Kusini, kwa miaka sita, kwenye shamba la mzee mmoja Kaburu aliyekuwa na benchi lake stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Kule mwenye leseni anaruhusiwa kujaza maganda yake mwenyewe. Hapa nyumbani sijazi, nanunua boksi dukani. Kwa hiyo naandika kwa ndugu zetu walioko huko, na kwa mliopo hapa pia, maana boksi la dukani nalo limeandikwa uzito na aina ya kichwa, na wengi wetu tunalipa bila kusoma.

Neno "risasi" lenyewe linatuchanganya. Ndicho kitu kizima unachoingiza kwenye bunduki, ndicho kinachoruka, na ndiyo jina la madini ya kijivu yaliyomo ndani yake. Humu nitasema ganda (kile kikopo kinachobeba vyote), fataki (kile kidubwana cha kitakoni kinachogongwa), baruti na kichwa (kile kinachoruka). Ganda linabaki mkononi, baruti na fataki vinaungua. Kinachofika kwenye karatasi ni kichwa peke yake, ndiyo maana nakipa somo zima.

Nazungumzia kulenga shabaha kwa starehe, mita 100, labda 200. Wa mashindano ya mita 800 wana shida zao.

Hatua ya kwanza: kipenyo

Hapa pafupi, lakini ukikosea unaumia. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, usimsikilize aliyekuuzia. Raifo za .308 na .30-06 zinatumia kichwa cha kipenyo kimoja, inchi 0.308. Zile .303 za Mwingereza, ambazo wazee wengi bado wanazo, zinatumia kikubwa kidogo, kama inchi 0.311 au 0.312. Kwa macho huoni tofauti. Ukilazimisha kichwa cha .303 kwenye mtutu wa .308, shinikizo la gesi linapanda, na aliye karibu zaidi na chemba, pale risasi inapokaa, ni uso wako.

Hatua ya pili: msokoto wa mtutu

Wanaoanza wengi hufikiri wao ndio wanaochagua kichwa. Mtutu ulishachagua siku ulipotoka kiwandani. Ndani yake kuna mifereji inayozunguka kama skrubu, na hiyo ndiyo inayokifanya kichwa kizunguke hewani. Utotoni mmecheza pia, kile kichezeo cha kuzungusha: pia iliyozungushwa vizuri inasimama wima, iliyozungushwa kivivu inayumba na kulala. Kichwa kirefu kinataka mzunguko wa kasi zaidi kuliko kifupi.

Kama namba ya msokoto haikuandikwa, pima. Toa risasi zote, angalia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole. Chukua fito ya kusafishia ambayo mpini wake unazunguka kwa uhuru, ifunge kitambaa kinachobana, weka alama ya kalamu kwenye fito, halafu sukuma taratibu. Alama ikishazunguka duara moja kamili, pima fito imeingia urefu gani. Ikiwa ni inchi 10, msokoto wako ni moja kwa kumi. Rudia mara tatu, kwa sababu kitambaa huteleza.

Nilivyolijua hili ni kwa aibu. Shambani kulikuwa na .223 ya zamani, msokoto moja kwa kumi na mbili. Muuzaji akanisifia vichwa vya greni 75 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa), virefu, vyenye ncha kama sindano, nikatoa mshahara wangu wa wiki. Kwenye karatasi ya mita 100 matundu manne yalikuwa marefu, kichwa kimepita kiubavu, na mengine sita sikuyaona hadi leo. Mzee wa shamba alicheka mpaka akakaa chini. Akanipa vile vyake vya greni 55, vya bei ya chini kuliko vyote dukani, na matundu yakawa ya duara, yamekaa pamoja.

Angalieni, nimesema kirefu, sikusema kizito. Kwa kawaida mambo hayo mawili huenda pamoja, isipokuwa kwenye vichwa vya shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha shaba cha greni 150 ni kirefu kuliko chenye kiini cha risasi cha greni hizohizo, na kinaweza kugoma kwenye mtutu ambao mwenzake anaufurahia.

Hatua ya tatu: uzito

Vichwa hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ni ratili moja. Greni 150 ni kama gramu 9.7 na greni 180 ni kama gramu 11.7. Kwa .308 na .30-06 anzia kati ya 150 na 168: mitutu mingi ya kaliba hizo ina msokoto wa moja kwa kumi au moja kwa kumi na mbili, na yote miwili inavikubali. Kwa .223 anza na 55.

Hatua ya nne: koti na kitako

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa zinapopotelea.

Kichwa cha kawaida ni kiini cha risasi kilichovalishwa koti la shaba. Koti lazima livalishwe kutoka upande mmoja, na upande wa pili unabaki na uwazi. Vile vya kijeshi, vilivyofunikwa ncha yote, vilivalishwa kutoka mbele, kwa hiyo uwazi uko kitakoni na ukikigeuza utaiona risasi ya kijivu. Vya mashindano ni kinyume: vilivalishwa kutoka nyuma, kitako kimefungwa safi, uwazi umebaki kwenye ncha kama katundu ka sindano. Watu wakikaona wanadhani ni cha kupasukia mwilini mwa mnyama. Hapana, ni mahali koti lilipoishia.

Kwa nini wa mashindano wanataka kitako safi? Kwa sababu kitako ndicho cha mwisho kuachana na mtutu. Kikiwa kimepinda kidogo, gesi inawahi kutoka upande mmoja na kukisukuma kichwa pembeni. Ncha iliyogongwa kidogo haidhuru sana, kitako kilichogongwa kinaharibu shabaha. Mimi cha kitako kibovu naweka kando bila huruma.

Sasa maoni yangu, mnaweza kuyapinga. Anayeanza asinunue vya kijeshi vya jumla kwa sababu tu ni rahisi, wala vya mashindano kwa sababu vinameremeta. Achukue vya kawaida vya kuwindia, vyenye ncha ya risasi laini iliyo wazi na kitako bapa. Kitako chake kimefungwa, bei yake ni ya kati, na mita 100 vinapiga vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kile chenye kitako kilichosinyaa nyuma kina faida moja anayeanza ataipenda, kinaingia mdomoni mwa ganda bila kusumbua. Faida yake hewani utaanza kuiona kuanzia mita 300. Kwa kitako bapa, kwangua kidogo ukingo wa ndani wa mdomo wa ganda, vinginevyo utanyoa koti.

Hatua ya tano: kununua na kujaribu

Nunua maboksi mawili ya vichwa mia mia, aina moja, namba ya toleo moja. Tumia kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa kichwa hichohicho na uanzie kipimo cha chini cha baruti. Ukibadilisha kichwa, hata kama uzito ni uleule, rudi mwanzo. Kipimo cha rafiki yako ni cha bunduki ya rafiki yako.

Piga tano tano, kwa sababu tatu zinadanganya. Andika kwenye daftari. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo usio na mawe. Kubandika karatasi kwenye mabanzi na kuelekeza kwenye paini hakuhesabiki kuwa na kizuizi. Na ukimaliza, nawa mikono kabla ya kushika ugali, madini ya risasi ni sumu.

Maswali ya wanachama

Mdau wa Kyela: Mkuu, wanasema bunduki ikirekebishwa Mbeya mjini haipigi sawa huku kwetu. Ni kweli au maneno ya vilabuni?

Jibu: Kuna ukweli, ila mdogo. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, Mafinga karibu 1,900, ninyi huko ziwani mko kama 500. Hewa ya Mafinga ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya sita, kwa hiyo kichwa kinapata upinzani mdogo. Mita 100 hutaona kitu, mita 400 utaona. La muhimu zaidi: hewa nyepesi inakisaidia kichwa kutulia. Kirefu kinachojikongoja kupiga vizuri kule juu Kitulo kinaweza kuanza kuyumba kikishuka Kyela.

Binti Wanging'ombe: Shikamoo baba. Natumia .30-06 ya marehemu baba yangu, leseni ishahamishiwa kwangu. Inanipiga bega mpaka nafumba macho kabla ya kufyatua. Boksi limeandikwa 180.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Hizo 180 ni za mnyama mkubwa, za nini kwenye karatasi? Dukani tafuta 150, na ukipata 125 ni bora zaidi. Teke linapungua kweli. Halafu rekebisha darubini upya, maana haitapiga palepale. Kitako cha bunduki kibane begani, ukikiachia nafasi kinakuja kwa mbio.

Fundi Makambako: Vichwa ni ghali. Nina betri mbovu za magari zimejaa gereji, nikiyeyusha risasi yake nikamimina kwenye kalibu?

Jibu: Usiguse, kaka. Sahani za betri zikiyeyushwa hutoa moshi wenye sumu, na watoto wako wanauvuta. Tena risasi tupu isiyo na koti, kwa kasi ya raifo, inajipaka kwenye mifereji ya mtutu na utakesha unaisugua. Babu zetu walimimina risasi za gobore, lakini mtutu wa gobore hauna mifereji na kasi yake ni ndogo.

Mnyalu Mtulivu: Nimepewa boksi la vichwa vya kijeshi, sumaku inavishika. Navyo sawa? Nataka kupiga bati la chuma, raha yake ni kusikia "ting".

Jibu: Sumaku ikishika, basi koti au kiini kina chuma. Sivitaki kabisa karibu na bati wala mawe: vinaruka ovyo na kutoa cheche. Kuanzia Julai hadi Oktoba majani ya kwetu yamekauka, na mashamba ya miti ya Sao Hill yako karibu. Vichwa hivyo vipige kwenye karatasi na tuta la udongo tu, tena majani yakiwa mabichi. Kwa "ting" tumia kichwa cha kawaida, bati liwe la chuma kigumu lisilo na mashimo, ulining'inize limeinamia chini kidogo, usogee mita 100 au zaidi na uvae miwani. Bati la jembe la trekta lililobonyea usilitumie, hilo linarudisha vipande kwa aliyepiga.