Mdudu wa kidole: cha kufanya kabla hajakomaa

Wanaoanika dagaa Kibirizi, Kigoma, au kupara migebuka mkono mtupu wanamjua mdudu wa kidole: nyama ya kando ya kucha inavimba, inawaka, na usiku inapwita hadi usingizi unakata. Jina linapotosha, maana humo hamna funza wa kung'oa. Ni bakteria, mara nyingi Staphylococcus aureus, ambaye takriban mtu mmoja kati ya watatu anaye puani bila madhara. Hupenya mwiba unapochoma au kijinyama cha kucha kinapong'olewa. Anayetafuna kucha huwaongezea na wale wa mdomoni.

Kabla ya usaha, tia kijiko cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Yajaribu kwa mkono usiouma. Yakiunguza, subiri, maana ngozi iliyobabuka ni mlango mpya. Loweka dakika 15, mara 3 au 4 kwa siku, kisha kausha vizuri.

Sasa bonyeza ncha ya kidole kwa kidole gumba. Doa jeupe likijitokeza kando ya kucha, usaha umejikusanya, na vidonge pekee havitautoa. Nenda zahanati: mara nyingi huinua tu ukingo wa ngozi juu ya kucha kwa kifaa safi. Wembe wa nyumbani husukuma bakteria ndani zaidi. Kinyesi cha ng'ombe kinaweza kuleta pepopunda. Na amoksilini ya kujinunulia? Staphylococcus wengi huivunjavunja. Ndiyo maana mganga akiona dawa inahitajika, huenda akaandika flukloksasilini.

Si kila uvimbe ni huo. Vilengelenge vya maji vilivyosongamana ni virusi vya hepesi: usivipasue. Wekundu wa zambarau unaotambaa bila usaha, siku chache baada ya kuchomwa na mwiba wa samaki, huenda ni bakteria mwingine, Erysipelothrix, naye husikia penisilini. Kwa hiyo mwambie mganga kazi yako. Uvimbe wa zaidi ya wiki 6 kwa mfua nguo hutokana na kushika maji kila mara, mara nyingi na fangasi juu yake. Huo hutaka glavu na mikono mikavu kuliko vidonge.

Usingoje kesho ikiwa tumbo la kidole limekuwa gumu, kidole kimejikunja na kukinyoosha ni mateso, mstari mwekundu unapanda mkononi, au una homa. Mwenye kisukari aende mapema zaidi. Pete ivuliwe siku ya kwanza, kabla kidole hakijaikatalia.