Viazi vya saladi vitie siki vikiwa bado vya moto

Wageni wa likizo wakija mchana, saladi ya viazi huniokoa kwa sababu naiandaa mapema. Nililojifunza juzi: ukishachuja maji, viazi vikiwa bado vinafuka mvuke, vinyunyizie chumvi na siki, vijiko vikubwa 2 kwa kilo, kisha geuza taratibu. Kiazi cha moto hufyonza ladha hadi ndani. Kikipoa, siki huteleza juu na kutuama chini ya bakuli. Mayonezi isubiri vipoe kabisa, la sivyo itajitenga na kuachia mafuta. Viazi vya ungaunga havifai, vitapondeka ukigeuza. Saladi isikae nje ya friji zaidi ya saa 2. Joto likiwa kali, saa 1.