Jinsi ya kuhakikisha kuwa nova imetengeneza vumbi

Nova (nyota inayolipuka na kung'aa sana kwa muda) ikififia ghafla wiki au miezi kadhaa baada ya kulipuka, wengi husema papo hapo: vumbi hilo! Mimi sikubali mpaka nione infraredi, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Chembe za vumbi hunyonya mwanga unaoonekana, hupata joto, kisha huutoa tena kama infraredi. Kwa hiyo mwanga unaoonekana ukishuka, infraredi sharti ipande. Mfano wetu ni V5668 Sagittarii, iliyogunduliwa na John Seach wa Australia tarehe 15 Machi 2015.

Hatua ya 1: Chora grafu ya mwangaza

Pakua vipimo vya V (mwanga unaoonekana) kutoka AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwangaza, ni bure. Kwenye mhimili wa chini weka siku tangu mlipuko, si tarehe. Nova hii ilifikia magnitudi (kipimo cha mwangaza) ya 4.3 hivi mwezi Machi, ikayumbayumba kwa wiki kadhaa, halafu kuanzia Juni ikaporomoka hadi kupita 12. (Kumbuka, namba ikikua nyota inafifia.) Tia alama pale inapoanza kuporomoka.

Hatua ya 2: Kusanya J, H na K

J, H na K ni bendi tatu za infraredi, kuanzia ya mawimbi mafupi hadi ya marefu. Chukua vipimo vya usiku mmoja, au usiku zinazofuatana. Ondoa kwanza wekundu unaoletwa na vumbi lililo njiani kati yetu na nyota, kisha geuza magnitudi kuwa janski, kizio cha kiasi cha mwanga kinachotufikia. Katika mfumo wa 2MASS (upimaji wa anga lote kwa infraredi), magnitudi sifuri ni janski 1594 kwa J, 1024 kwa H na 666.7 kwa K.

Hatua ya 3: Tafuta halijoto

Linganisha namba zako na mkunjo wa gimba jeusi, yaani mwanga ambao kitu cheusi kabisa hutoa kwa halijoto fulani. Nimepiga hesabu: vumbi tupu la kelvini 1200 lina J−K (magnitudi ya J ukitoa ya K) ya 3.6 hivi, likipoa hadi 850, J−K hufika 5.5. Watazamaji wa Mount Abu, India, walipata kelvini 850 siku ya 107. Kwa halijoto hiyo kilele cha mwanga kiko kwenye urefu wa wimbi wa mikroni 3.4, nje kabisa ya K, kwa hiyo ukiweza ongeza vipimo vya L na M, bendi za mawimbi marefu zaidi. Ukitegemea JHK peke yake, utaona mteremko tu wa mlima.

Hatua ya 4: Jihadhari na vidanganyifu

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Molekuli za CO (monoksidi ya kaboni) hung'aa kwenye mikroni 2.3, ndani ya K, na katika nova hii zilionekana kabla ya vumbi. K iliyopanda peke yake haitoshi, tazama spektra (mwanga uliotawanywa kwa urefu wa wimbi). Pia uliza kama vumbi lilikuwepo tangu zamani. Baada ya mlipuko wa nova RS Ophiuchi wa 2006, darubini ya angani ya Spitzer iliona silikati (vumbi la aina ya mchanga) zilizotoka kwenye upepo wa jitu jekundu (nyota kubwa iliyovimba) lililo jirani, nazo zilikuwepo kabla ya mlipuko.

Hatua ya 5: Pima kwa umbali

Kwa nova yenye nguvu ya wati 10³¹, chembe inayofanana na gimba jeusi hufikia kelvini 1200 ikiwa kilomita bilioni 1.3 kutoka kwenye nyota. Gesi inayokwenda kilomita 600 kwa sekunde hufika hapo siku ya 25. Chembe ndogo halisi hutoa joto kwa shida, hivyo hubaki na moto zaidi na hulazimika kwenda mbali zaidi. V5668 Sagittarii ilichukua siku 80 hivi. Ukipata "vumbi" mapema kuliko hesabu yako, rudi hatua ya 4.