Siku tatu Singapore: namna ya kupanga safari fupi kwa mitaa na kwa saa

Wateja wakiniletea safari ya Singapore niwapangie, wengi wanakuja na orodha tayari: lile sanamu la simba mwenye mkia wa samaki, lile jengo lenye kama meli juu, maporomoko ya ndani kwa ndani pale uwanja wa ndege, na wanataka vyote viishe ndani ya siku tatu. Sikatai, ni vizuri. Ila ukiishia hapo umeona majengo, mji wenyewe bado. Kile ni kisiwa kidogo wamebanana Wachina, Wamalay, Watamil, Waarabu wa Hadhramaut na wengine kibao, lugha rasmi nne (Kimalay, Kichina, Kitamil na Kiingereza), na kitu cha kwenda kuona ni jinsi wanavyopishana mtaa mmoja bila kusukumana. Hicho hakina tiketi, unatembea kwa miguu, mtaa unaofaa, saa inayofaa. Kwa hiyo mimi napanga hivi.

Hatua ya 1: Anza na sikukuu, tiketi baadaye

Hali ya hewa isikusumbue sana, wako karibu kabisa na ikweta, joto na unyevu mwaka mzima, mvua inaweza kushuka siku yoyote, japo Novemba mpaka Januari inazidi. Beba mwavuli, yamekwisha.

Cha kuangalia ni kalenda ya dini. Mwaka mpya wa Kichina (Januari au Februari) mji unapendeza kwa taa nyekundu lakini vibanda vingi vya Wachina vinafungwa, na kama una siku tatu tu unaweza kukuta nusu ya ulichotaka kula hakipo. Ramadhani ni kinyume, ukifika eneo la Geylang Serai kuna soko la usiku la mwezi mzima, na hata wasiofunga wanajazana pale jioni. Deepavali (Diwali ya Wahindu), Oktoba au Novemba, barabara ya Serangoon pale Little India inapigwa taa kuanzia juu mpaka chini. Na kuna Thaipusam, mwezi wa kwanza au wa pili, ambapo Watamil wanatembea kilomita kadhaa kutoka hekalu la Sri Srinivasa Perumal mpaka hekalu la Tank Road, wengine wamejichoma vyuma mashavuni na mwilini kwa nadhiri. Ukiweza kulenga siku hiyo lenga, ila kaa pembeni kwa heshima na usimzibie mtu njia kwa ajili ya picha.

Hatua ya 2: Makaratasi, na vya kuacha nyumbani

Mtanzania na Mkenya hawahitaji viza kwa matembezi mafupi, lakini sheria zinabadilika kwa hiyo ingia tovuti ya uhamiaji ya Singapore uhakikishe kabla hujalipa chochote. Pasi iwe na angalau miezi sita mbele. Kuna fomu ya kuingilia inaitwa SG Arrival Card, unaijaza mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni BURE, ukiona tovuti inakuomba hela ujue hao ni wajanja wanakula kichwa chako, toka. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imepita siku 10 kabla ya kuingia. Ndege za moja kwa moja kutoka kwetu hakuna, wengi tunapitia Addis, Doha au Dubai.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Bablishi usibebe, uingizaji wake umepigwa marufuku tangu 1992. Sigara za kielektroniki ni kosa kabisa. Sigara za kawaida unalipia ushuru hata ukiwa na moja. Miraa usithubutu, sheria zao za dawa za kulevya zinafika mpaka kunyongwa na hawana utani hata kidogo. Na begi la mtu usilibebe, hata kama ni jirani yenu wa miaka yote anakuomba umfikishie mzigo wa ndugu yake. Kama unatumia dawa za usingizi au za maumivu makali, uliza mapema kama zinahitaji kibali, na ziache kwenye pakiti yake na cheti cha daktari.

Hatua ya 3: Pa kulala

Tafuta maeneo ya Bugis, Lavender, Little India au Chinatown. Hosteli nyingi ziko huko, na unaamka tayari uko mtaani. Hoteli za Singapore ni ghali jamani, hilo lisikushangaze, chumba kidogo cha kawaida kinaweza kula bajeti kuliko chakula na usafiri wa siku zote tatu ukijumlisha. Usije ukakodi chumba kwenye nyumba ya mtu kwa siku mbili tatu, sheria yao inataka nyumba za watu zipangishwe kuanzia miezi mitatu, zile za serikali miezi sita, utajikuta matatizoni bila kujua.

Hatua ya 4: Hela, treni, umeme

Dola moja yao kwa hesabu ya haraka piga kama shilingi 100 za Kenya au karibu elfu mbili ya Tanzania, inapanda inashuka. Shilingi zetu usizitegemee huko, nenda na dola za Marekani ubadilishie mjini.

Treni wanaiita MRT. Huna haja ya kununua kadi kama una Visa au Mastercard ya kugusisha, unagusa ukiingia na unagusa ukitoka, japo kadi ya nje inakatwa ada kidogo kwa siku. Kutoka uwanja wa Changi unapanda treni, unabadilisha Tanah Merah, unashika laini ya kijani mpaka Bugis. Humo ndani hakuna kula wala kunywa, hata maji, faini inafika dola 500. Treni zinaisha kama saa sita usiku. Soketi za umeme ni zile zile zetu za pini tatu pana, na magari yanapita kushoto kama kwetu, kwa hiyo kuvuka barabara hakukusumbui. Maji ya bomba yanakunywika, beba chupa yako ujaze.

Saa zao ziko mbele yetu kwa masaa matano, na jua linachomoza kama saa moja asubuhi na kuzama kama saa moja jioni. Hilo lishike maana ratiba yote inalitegemea.

Hatua ya 5: Jioni ya kwanza, Kampong Glam

Siku ya kufika mwili umechoka, usijitese. Oga, toka saa kumi na nusu hivi, nenda Kampong Glam kwa miguu kutoka Bugis. Msikiti wa Sultan ndio kitovu, jengo la sasa lilikamilika 1932, na kuba zake za dhahabu utaziona kutoka mbali. Lakini sogea, simama Bussorah Street, inua macho pale chini ya kuba: kuna mkanda mweusi unaozunguka kuba lote, na ule mkanda ni vitako vya chupa za kioo. Zilitolewa na Waislamu maskini wakati wa ujenzi, ili asiwepo mtu wa kusema msikiti umejengwa na matajiri peke yao. Watalii wengi wanapiga picha ya dhahabu wanaondoka bila kujua wanachokitazama, inaniuma kweli.

Kuingia ni bure, magauni ya kujistiri wanakuazima, wageni wasioswali wana saa zao maalum za kuingia, ziangalie kabla. Ijumaa swala inaangukia saa saba mchana, usipange kutembelea muda huo kama huendi kuswali.

Kwa mtu wa Pwani mtaa huu una la ziada. Mahadhrami walioingia Lamu, Mombasa na Unguja kwa majahazi, ndugu zao wengine walielekea mashariki wakafika hapa. Majina kama Aljunied, Alsagoff na Alkaff yamo kwenye historia ya mji huu mpaka leo, kuna hata stesheni ya treni ya Aljunied, na msikiti wa zamani kuliko yote kisiwani, Omar Kampong Melaka wa 1820, ulijengwa na mmoja wao.

Chakula cha usiku kula hapo hapo. Mbele ya msikiti kuna mgahawa wa Zam Zam, upo tangu 1908, oda murtabak ya mbuzi: unga unavutwa mpaka unakuwa kama karatasi, unawekwa nyama, yai na kitunguu, unakunjwa, unakaangwa, ukiwa umewahi kukaa Forodhani usiku utaona mikono inafanya kitu kile kile.

Hatua ya 6: Siku ya pili, asubuhi mapema Telok Ayer na Chinatown

Saa mbili asubuhi uwe Telok Ayer Street, kabla joto halijakaza. Leo imezungukwa na maghorofa ya mabenki, lakini zamani hii barabara ilikuwa ufukweni, bahari ilijazwa udongo baadaye. Ukijua hilo kila kitu kinaeleweka. Mabaharia wa Fujian, kusini mwa Uchina, walijenga hekalu la Thian Hock Keng kumshukuru Mazu, mungu wao wa bahari. Waislamu kutoka kusini mwa India wakajenga Nagore Dargah hatua chache tu, na msikiti wa Al-Abrar mtaa huo huo. Yaani kila aliyeshuka salama kwenye chombo alitafuta pa kushukuru karibu na maji, na hakuna aliyemfukuza mwenzake. Tembea taratibu hapa, usipite kwa haraka.

Kutoka hapo unakatiza kwa miguu mpaka South Bridge Road. Msikiti wa Jamae wa Watamil, minara yake miwili ya kijani, na karibu yake kabisa hekalu la Kihindu la Sri Mariamman, lenye mnara uliojaa sanamu za rangi, yote mawili yalianzishwa miaka ya 1820, na yako katikati ya Chinatown. Ukiendelea mbele unakuta hekalu kubwa la Kibuddha. Viatu vinavuliwa kwa Wahindu na Waislamu, magoti na mabega yafunikwe kote, kwa hiyo vaa suruali nyepesi na viatu vya kuchomoa fasta.

Mchana rudi ulale. Nasema kweli, saa sita mpaka saa tisa jua na unyevu vinakumaliza, na jioni unaihitaji. Saa kumi na mbili nenda Marina Bay, ile orodha yako ipate haki yake. Bustani za nje za Gardens by the Bay ni bure, na taa za ile miti mikubwa ya chuma zinacheza na muziki saa mbili kasorobo na tena saa tatu kasorobo usiku, bila kiingilio.

Hatua ya 7: Kula kwa akili

Chakula cha bei nafuu kiko kwenye masoko ya chakula, wenyewe wanayaita hawker centre, na utamaduni wake UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika 2020. Sahani ni dola 4 mpaka 7 hivi. Ukiona pakiti ya tishu juu ya meza tupu, meza imeshikwa, mwenyewe yuko foleni, usiisogeze. Ukimaliza rudisha trei mwenyewe, ni sheria. Bakshishi hawana.

Muislamu atafute cheti cha halali cha MUIS (baraza la Kiislamu la Singapore) kwenye kibanda, maana nguruwe ni wa kawaida sana, hasa Chinatown pale Maxwell. Tekka Centre Little India na Geylang Serai utakula kwa raha zaidi, biriani, prata (chapati yao) na mchuzi wa dengu, nasi lemak wali wa tui na dagaa, na chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu mpaka itoe povu. Migahawa ya kukaa yenye viyoyozi huongeza asilimia 10 ya huduma na 9 ya kodi juu ya bei uliyoisoma, hesabu mapema.

Hatua ya 8: Siku ya tatu, Waterloo Street, Little India, halafu maghorofa

Hii naomba usiiruke. Waterloo Street kuna hekalu la Kichina la Kwan Im Thong Hood Cho, na pembeni yake la Kihindu la Sri Krishnan. Kaa pembeni nusu saa tu. Utaona mama wa Kichina anatoka kumwomba Kwan Im, mungu wao wa huruma, anasogea kwa Krishna, anachoma udi wake pale mbele, anainamisha kichwa, anaendelea na safari ya sokoni. Mtaa huo huo kuna na sinagogi la mwaka 1878.

Kisha tembea Little India, Dunlop Street kuna msikiti wa Abdul Gaffoor, na Mustafa Centre kwa zawadi za nyumbani. Jumapili jioni mtaa unafurika vibarua kutoka India na Bangladesh, ndio siku yao ya mapumziko.

Mchana panda treni uende Toa Payoh. Hakuna kivutio chochote, na ndiyo sababu nakupeleka. Zaidi ya robo tatu ya watu wanaishi kwenye maghorofa ya serikali kama haya, na tangu 1989 kuna sheria ya uwiano wa makabila kwa kila jengo, ili usipatikane mtaa wa Wamalay watupu wala Wachina watupu. Kumbuka 1964 walipigana na damu ikamwagika, kwa hiyo kukaa pamoja walikupanga, na wapo wanaoilalamikia hiyo sheria maana inawabana kwenye kuuza nyumba. Mimi naona imewasaidia. Chini ya maghorofa mengi kuna uwazi mkubwa, hapo ndipo Wamalay wanafanya harusi na Wachina wanakesha msiba. Ukikuta msiba usipige picha.

Hatua ya 9: Kuondoka

Kama ulinunua vitu kuanzia dola 100 duka lenye huduma hiyo na ulionyesha pasi, dai kodi yako uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi begi. Maporomoko ya Jewel, mita 40, yako nje ya ukaguzi karibu na Terminal 1, kwa hiyo fika mapema uyaone kwanza. Ndege ikiwa ya alfajiri sana treni hazijaanza, weka oda ya Grab (teksi ya kuita kwa simu) usiku huo huo.