Somo: Kupaka smia na kuipiga rangi ya Gram bila kuiharibu

Habari zenu watu wa labu, wa Kisumu na Maseno na nyinyi wa Egerton kule Njoro. Smia ni ule utando mwembamba wa bakteria unaopakwa kwenye slaidi, kile kioo cha maikroskopu, na rangi ya Gram inagawanya bakteria makundi mawili: chanya wanatoka zambarau, hasi wanatoka pinki. Kila mara kuna mtu analia slaidi yake imetoka zambarau tupu ama pinki tupu na analaumu rangi eti imeharibika. Rangi mara nyingi iko sawa, kinachowaangusha ni smia nene na zile sekunde chache za kutoa rangi, kwa hivyo hapo ndio nitakaa sana.

Chukua slaidi safi isiyo na mafuta ya vidole. Andika namba na penseli kwenye ile ncha yenye ukwaru, si maka peni, juu spiriti itafuta yote alafu ubaki na slaidi za wagonjwa na hujui ni ya nani. Weka tone dogo la salaini (maji ya chumvi), choma lupu (kile kiwaya chenye kitanzi) mpaka iwe nyekundu, ngoja ipoe, gusa koloni (kile kirundo cha bakteria kilichoota) kidogo tu hata kama unaona ni kama hujachukua kitu, koroga na usambaze. Ikikauka uone ukungu mwembamba, ukiiweka juu ya gazeti usome maandishi chini yake.

Iache ikauke yenyewe. Najua msimu wa mvua hapa karibu na ziwa inachukua muda na unatamani kuipitisha motoni ikiwa bado mbichi, usithubutu, bakteria wanachemka na maumbo yao yanaharibika. Ikishakauka ndio unaipitisha juu ya moto mara tatu haraka haraka, smia ikiangalia juu, alafu igusishe nyuma ya mkono, iwe joto unaloweza kuvumilia.

Kristali vayoleti, ile rangi ya zambarau, dakika moja, osha. Ayodini dakika moja, osha. Sasa ni kutoa rangi kwa asetoni ama ethanoli, weka moto mbali, asetoni inashika moto haraka sana. Inamisha slaidi, dondosha huku macho yako kwa kile kinachotiririka, zambarau ikiacha tu kutoka osha na maji hapo hapo. Asetoni ni sekunde mbili tatu, ethanoli ya 95% inaweza kufika 10 mpaka 20. Gram chanya wana ukuta mnene ambao unakaza na kufungia vayoleti na ayodini ndani, Gram hasi ukuta wao ni mwembamba na utando wa nje wenye mafuta unayeyuka, rangi inatoka. Lakini ukizidisha hata chanya wanaachilia.

Malizia na safranini, rangi ya pinki inayoshika wale waliopoteza zambarau, dakika moja, osha, simamisha ikauke, tone la mafuta ya imashoni (yanayokaa kati ya slaidi na lenzi), lenzi ya 100 ya maikroskopu.

Maswali

*Mwalimu, Staph yangu imetoka pinki, nimekosea wapi?*
Pengine umezidisha asetoni, ama kalcha (bakteria uliowaotesha) ni nzee, tumia ya saa 18 mpaka 24. Na kila siku paka Staphylococcus aureus (hiyo Staph, ni chanya) na E. coli (ni hasi) kwenye slaidi moja ya kontroli, yaani ya kupima kama rangi inafanya kazi, hao wawili wasipotoka zambarau na pinki usisome ya mgonjwa hata moja.

*Sisi shuleni hatuna kalcha, wanafunzi wataona nini?*
Yogati ya dukani dada, chovya kidogo sana na uchanganye na maji. Utaona Lactobacillus ni vijiti na Streptococcus wamejipanga kama shanga kwenye uzi, wote zambarau. Inapendeza sana, watoto hawataki kutoka kwa maikroskopu.

*Naweza kupiga Gram kwa makohozi nione TB?*
Hapana ndugu. TB ina nta kwenye ukuta, Gram haiingii vizuri, hiyo inapigwa rangi kwa njia nyingine, inaitwa Ziehl-Neelsen. Na makohozi ya TB usiyapake kwenye meza ya wazi hata siku moja.

*Mafuta ya imashoni yameisha, naeza tumia ya kupikia?*
Usifanye hivyo tafadhali. Ya imashoni yanapindisha mwanga karibu sawa na kioo, ndio picha inakuwa kali, ya kupikia hayafiki hapo na yakikauka yanagandia kwa lenzi. Tumia lenzi ya 40 kwanza uone kama smia imekaa vizuri, usubiri mafuta yaletwe. Na ukimaliza panguza na karatasi ya lenzi, si leso wala tishu ya chooni.