Jinsi ya kurekebisha namna miadi mipya inavyofunguliwa kwenye kalenda

Ukibofya nafasi tupu kwenye kalenda, programu inakujazia mambo kadhaa kabla hujaandika neno: miadi itachukua muda gani, kikumbusho kitalia lini, itahifadhiwa kwenye kalenda ipi, na walioalikwa wataruhusiwa kufanya nini. Yote hayo hubadilishwa. Kinachosumbua ni kwamba hayakai pahali pamoja: mengine ni ya akaunti nzima, mengine ni ya kalenda mojamoja, mengine ni ya kifaa ulichoshika. Fanya kazi hii kwenye kompyuta, si simu, kwa sababu huko ndiko mipangilio yote inakoonekana.

Kwenye Kalenda ya Google, ifungue kwenye kivinjari, bofya alama ya gia iliyo juu upande wa kulia, kisha ingia kwenye mipangilio. Katika sehemu ya jumla, teremka hadi mipangilio ya matukio. Utakuta orodha ya muda chaguomsingi, yaani ule programu inaoujaza yenyewe, ambao kwa kawaida ni dakika 60. Ukichagua 30, umemaliza; hakuna kitufe cha kuhifadhi, inajihifadhi yenyewe. Karibu na hapo kuna kisanduku cha mikutano ya haraka. Ukikiwekea tiki, kikao cha dakika 30 kinakuwa cha 25, na cha saa moja kinakuwa cha 50. Yaani kikao cha saa nne asubuhi kitaandikwa 10:00 hadi 10:50, na mtu anapata dakika kumi za kunyoosha miguu kabla ya kingine. Kwa mwenye vikao vinavyofuatana, hiki ndicho kisanduku chenye faida kuliko vyote.

Hapohapo kuna ruhusa za wageni. Kwa kawaida wageni wanaweza kualika wengine na kuona orodha ya walioalikwa, ila hawawezi kurekebisha tukio. Kama vikao vyako ni vya watu wengi, ondoa ile ya kualika wengine. La sivyo kikao cha watu watano kitafika kumi na wewe huna habari.

Vikumbusho usivitafute hapo. Watu wengi hukwama hapa, kwani kwenye Google kila kalenda ina vikumbusho vyake. Upande wa kushoto wa ukurasa wa mipangilio, bofya jina la kalenda yenyewe, kisha teremka hadi arifa za matukio. Ukiwa na kalenda tatu, rudia mara tatu. Chini yake kuna sehemu ya pili, ya matukio ya siku nzima, na usiiruke.

Kwenye Outlook ya kawaida ya Windows (programu ya Microsoft ya barua pepe na kalenda, toleo la zamani), nenda Faili, kisha Chaguo, kisha Kalenda. Juu kuna saa za kazi. Chini yake kuna kikumbusho chaguomsingi, ambacho huja kikiwa dakika 15, na mahali pa kufupisha miadi. Ufupishaji wa Outlook una namba mbili, moja ya vikao visivyofika saa moja na nyingine ya vile vya saa moja na kuendelea, na unaweza kuamua kikao kiishe mapema au kianze kwa kuchelewa. Maliza kwa kubofya Sawa. Ukifunga dirisha kwa alama ya X, kila ulichobadilisha kimepotea. Kwenye Outlook mpya pita kwenye gia, kisha kalenda, kisha matukio na mialiko, na ukumbuke kuhifadhi.

Tukio la siku nzima kwenye Outlook huja na kikumbusho cha saa 18 kabla. Siku huanza kuhesabiwa usiku wa manane, kwa hiyo ukirudi nyuma saa 18 unafika saa kumi na mbili asubuhi ya siku iliyotangulia. Simu ikikuamsha alfajiri kwa ajili ya jambo la kesho, sababu ni hiyo. Isitoshe, tukio la namna hiyo huwaonyesha wenzako kwamba una nafasi. Kama ni likizo, libadilishe wewe mwenyewe.

Thunderbird, programu ya barua pepe yenye kalenda ndani yake, ni rahisi zaidi: fungua mipangilio, kisha Kalenda. Urefu chaguomsingi ni dakika 60. Vikumbusho vya matukio huja vimezimwa, kwa hiyo viwashe kwanza, kisha uweke dakika unazotaka. Kama kitufe cha tukio jipya hakibonyezeki, angalia kama kalenda zako zote zimewekwa kuwa za kusomwa tu.

Kwenye iPhone, jambo la kuhakikisha ni kalenda chaguomsingi, ndani ya mipangilio ya Kalenda. Ikiwa ni ya kazini, miadi yako ya daktari itaenda kukaa mbele ya macho ya ofisi.

Ukishamaliza, jaribu. Fungua mwonekano wa siku au wa wiki, bofya nafasi tupu, hifadhi tukio lisilo na mgeni yeyote, kisha lifungue utazame saa ya kumalizika, kikumbusho na kalenda. Usijaribu kwenye mwonekano wa mwezi: Google na Outlook zote hufungua hapo tukio la siku nzima, nawe utadhani dakika 30 ulizoweka zimekataa. Vivyo hivyo ukiburuta kipanya. Programu inafuata urefu ulioburuta na kuacha ule chaguomsingi.

Muda mpya haugusi miadi iliyokwisha kuwekwa. Kikao cha kila wiki kitabaki na saa nzima mpaka ukifungue, upunguze muda, na uchague mabadiliko yahusu mfululizo wote badala ya siku moja. Walioalikwa watapata taarifa ya mabadiliko, kwa hiyo fanya marekebisho yote kwa mkupuo mmoja, kisha utume mara moja.