SOMO: Ubao juu ya mapipa mawili, kila pipa linabeba kiasi gani?

Jamani swali hili naulizwa inboksi kila wiki, naandika mara moja, ukinifuata tena nakutumia hapa.

Ubao mita 4, uzito 200 N (N ni newton, kipimo cha fosi), umelala juu ya pipa A na pipa B, moja kila ncha. Fundi rangi wa 700 N kasimama mita 1 kutoka A.

1. Chora.

2. Weka mishale yote, yaani fosi zote: mapipa yanasukuma juu, uzito unavuta chini. Hapa ndipo nilipoangukia kidato cha tatu, nilisahau uzito wa ubao wenyewe. Nikapata B 175, A 525, nikajumlisha nikaona 700 nikajua nimepatia, kumbe ukisahau mshale mwanzoni na kwenye kuhakiki unausahau vilevile, hesabu inakubali uongo. Kwa hiyo HESABU MISHALE kabla ya kushika kalkuleta: miwili juu, miwili chini. Ubao ulio sawa kote uzito wake unashuka katikati, mita 2.

3. Pivoti (nukta unayopimia mzunguko) weka A, fosi ya A inajifuta kwa sababu umbali wake ni sifuri.

4. Zidisha kila fosi kwa umbali wake kutoka pivoti; ubao umetulia, kwa hiyo mzunguko wa upande mmoja ni sawa na wa upande mwingine: B × 4 = 200×2 + 700×1 = 1100. B = 275 N.

5. Mishale ya juu ni sawa na ya chini, 200 + 700 = 900, kwa hiyo A = 900 − 275 = 625 N.

MASWALI

– Mkuu hiyo 2 imetoka wapi?
Soma hatua ya 2.

– Nikiweka pivoti B itakuwa kosa?
Hapana, na ujaribu. Ubao hauzunguki kwenye nukta yoyote ile, kwa hiyo popote inakubali: A × 4 = 200×2 + 700×3 = 2500, A inarudi 625. Hivi ndivyo unavyohakiki kweli, ila mishale iwe imetimia.

– Kaka, B nikilisogeza hadi mita 3 kutoka A, fundi akaenda ile ncha inayoning'inia, ubao unanyanyuka lini?
Swali zuri sana hili. Unapoanza kunyanyuka A halibebi kitu, weka sifuri. Pivoti B, x ni umbali wa fundi kupita B, na katikati ya ubao iko mita 1 kutoka B: 700 × x = 200 × 1, x kama mita 0.29. Akipita B sentimita 29 tu, anaondoka nao.

– Sisi saiti tunaweka ndoo ya maji upande wa pili.
Ndoo ya lita 20 ni kama 200 N, ikikaa juu ya A inaongeza 200×3, jumla 800, x inakuwa 1.14 na ncha iko mita 1. Inashika, lakini kwa nafasi ndogo mno, mzee wangu. Fungeni na kamba.